Meno Ishirini na Matatu

Mvua ya Valdivia haina haraka.
Ilianza Jumapili, leo Alhamisi,
na bado inaongea na mabati ya karakana
kama mtu aliyesahau alichokuja kusema.

Mlango wetu uko nyuma ya kitivo cha uhandisi,
ukishapita mapipa ya taka.
Tumebandika kibao tulichokichonga kwa leza:
INGIA, HATA KAMA HUSOMI HAPA.
Miezi mitatu wakaingia wanaosoma hapa tu,
wakachapa mazimwi, vishikio vya simu,
na siku moja kichwa cha mkuu wa chuo,
kidogo kama ndimu.

Ndipo akaja Bi Edelmira Huenchumán,
maji yakimchuruzika mpaka viatuni.
Akafungua kitambaa mezani.
Gia. Pana kama kisosi, nyeusi kwa grisi,
na upande mmoja
ufizi mtupu.

"Ya mashine ya kufumia," akasema.
"Kiwanda chake kilikufa kabla ya mume wangu.
Tuko wanawake saba kule Las Ánimas,
tunadaiwa sweta arobaini za watoto wa shule,
na baridi haikopeshi."

Baltazar, mwaka wa nne, kucha safi,
akaiweka gia chini ya skana.
Mwanga wa buluu ukaizunguka, ukailamba,
kompyuta ikaziba pengo kwa hesabu zake:
meno ishirini na manne.

"Ishirini na matatu," akasema bibi.
"Samahani, mashine inasema ishirini na manne."
"Mashine ipi?"

Tulicheka, kwa adabu.
Printa ikafanya kazi saa nne, uzi juu ya uzi,
na yeye akakaa kwenye kigoda akiitazama
kama mfumaji anavyomtazama mfumaji mgeni:
hasifu, hakosoi.

Kesho yake alirudi bila salamu.
Akalaza mezani mkono wa sweta,
wa kijani, umetafunwa, umesokotwa
kama nguo iliyopita mdomoni mwa ndama.

Baltazar aliutazama muda mrefu.
Kisha akatia kalipa mfukoni,
akavaa koti,
tukapanda basi watatu, tukavuka daraja.

Jikoni kwa Bi Edelmira jiko la kuni linanguruma,
birika halishuki motoni mwaka mzima.
Akavaa kastabini, akafumba macho,
akaligonga birika:
ta, ta, ta, ta,
miaka thelathini na moja ya mzunguko uleule,
halafu kimya kifupi, pale mashine ilipozoea kuvuta pumzi.
Baltazar akahesabu kwa vidole. Akarudia.
Mara ya tatu akahesabu kwa sauti, na sauti ikamkwama
kwenye ishirini na tatu.

"Haigawanyiki," akanong'ona.
"Waliichagua makusudi.
Namba isiyogawanyika, ili jino lilelile
lisikutane na lilelile kila mzunguko.
Uchakavu unatembea.
Kila jino linabeba kidogo."
Wanawake saba wakamtazama
kama mtoto aliyegundua kwamba maji ni maji.

Tunasema jino la pembe si dawa ya pengo.
Hili halikuwa la pembe, lilikuwa la nailoni,
jeupe mno katikati ya chuma kile kizee,
kama jino la mtoto mdomoni mwa babu.
Mpini ukazungushwa.
Sweta ikaanza kushuka, safu kwa safu, ya kijani,
na chumba chote kikasikia pumzi
baada ya ishirini na tatu.

Sikujua watu wazima wanaweza kunyamaza hivyo
kwa ajili ya gia.

Tulipokuwa tunaaga, akaniita pembeni, mimi mtunza funguo.
Akanipa soksi za sufu, jozi mbili, harufu ya moshi.
"Nichapie nyingine," akasema.
"Hii imefunga vizuri, Bi Edelmira."
"Najua. Hiyo ni ya leo.
Nyingine ni ya siku ile
mtakapokuwa mmehitimu, mmeondoka,
na mlango wenu una kibao kingine."

Nilivaa soksi ndani ya basi.
Usiku ule niliwasha printa mwenyewe,
nikachapa tatu.